Jina langu halimo kwenye mkataba wa pango, ila naishi humu mwaka wa 3 sasa. Nina haki gani?

Mgeni_wa_Kudumu (mtoa mada)

Wakuu, habari za wakati huu. Nitajitahidi kufupisha ingawa mambo yenyewe ni marefu.

Nyumba ninayoishi aliipanga kaka yangu. Mkataba ni yeye na mwenye nyumba, basi. Mimi nilihamia kwake wakati natafuta kazi, tukakaa wote kama mwaka mmoja na nusu. Kisha kazi yake ikamhamisha mbali, akaondoka na shemeji, akaniambia "wewe kaa tu, lipa kodi, tutaongea". Hatujaongea mpaka leo. Tangu hapo mlipaji ni mimi, miezi 14 mfululizo. Naweka moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye nyumba na kwenye maelezo naandika kodi ya mwezi fulani. Mzee mwenyewe akipita hunisalimia kwa jina. Bomba la bafuni lilipopasuka aliyempigia ni mimi, na fundi akamleta.

Wiki iliyopita kaja na kijana wake. Anasema, "Mimi wewe sikutambui, ninayemtambua ni kaka yako. Mkataba umekwisha. Nataka nyumba yangu mwisho wa mwezi, la sivyo nabadilisha kufuli." Nikamuuliza, mzee, mbona kodi yangu umekuwa ukiipokea? Akajibu alikuwa anapokea ya kaka.

Naomba kujua: anaweza kunitoa hivyo hivyo? Na anasema kuna mwezi mmoja wa nyuma, enzi za kaka, haukulipwa, eti nilipe mimi kabla sijatoka. Kuna ukweli hapo?

Jiwe_la_Pembeni

Pole sana mkuu. Naweka kambi hapa, maana na mimi naishi kwa binamu.

Sauti_Kavu

Nitasema wasichopenda kusikia. Mkuu, wewe ni mgeni uliyekaa sana. Mkataba huna, saini huna. Mwenye nyumba ana mali yake. Panga vitu vyako uhame kwa heshima kabla hujahamishwa kwa aibu.

Kalamu_ya_Uani

Sauti_Kavu, umejibu haraka mno. Nimekaa miaka kadhaa kwenye dawati la msaada wa kisheria, na kosa hili nimelisikia kutoka kwa wenye nyumba, kwa wapangaji na hata kwa mabalozi wa mtaa. Watu huchanganya maswali mawili na kuyafanya moja.

Swali la kwanza ni kama mtoa mada ana haki ya kuendelea kukaa. La pili ni njia gani mwenye nyumba anaruhusiwa kuitumia kumtoa. Inawezekana kabisa jibu la kwanza likawa "hana" na bado mwenye nyumba akawa anavunja sheria akigusa kufuli.

Nianze na hilo la pili kwa sababu ndilo la dharura. Katika nchi nyingi mtu akishaifanya nyumba kuwa makazi yake, anayemtoa ni mahakama. Mwenye nyumba hamtoi, wala kijana wake, wala dalali. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 26(3), haisemi "mpangaji hatatolewa". Inasema hakuna mtu atakayetolewa kwenye makazi yake bila amri ya mahakama iliyotolewa baada ya kuangalia mazingira yote. Mtu yeyote. Sheria yao ya 1998 ikaenda mbali zaidi, ikawalinda hata wanaokaa bila idhini, na ikamtaka hakimu aangalie kama kuna wazee, watoto, walemavu au familia zinazoongozwa na wanawake. Uingereza wana sheria ya 1977 inayofanya kuwa kosa la jinai kumfungia nje mkaaji halali, au kumsumbua ili achoke aondoke mwenyewe. Kukata maji na umeme kumo humo. New York, aliyekaa kihalali siku 30 mfululizo hatolewi ila kwa shauri mahakamani, awe amesaini au hakusaini.

Kwa hiyo mtoa mada, kauli ya "nabadilisha kufuli" ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika maneno ya mzee wako. Hakikisha unayo kwa maandishi. Mtumie ujumbe wa adabu: "Mzee, siku fulani ulikuja ukaniambia hivi na hivi, naomba kuthibitisha kama nilikuelewa sawasawa." Akijibu, umepata. Asipojibu, bado una ujumbe wenye tarehe.

Mgeni_wa_Kudumu

Mkuu nimeshusha pumzi. Lakini hilo la kwanza? Nina haki yoyote, au nitatolewa tu ila kwa utaratibu?

Kalamu_ya_Uani

Hapo inategemea haki yako inatoka wapi. Asiye na jina kwenye mkataba haki yake huwa haitoki kwenye mkataba, hutoka kwingine: ndoa, undugu na mpangaji aliyefariki, idhini ya mpangaji, au mwenendo wa mwenye nyumba mwenyewe. Kila mlango una nguvu yake. Kuna mwingine ni wa chuma, kuna mwingine ni pazia tu.

Wako ni huo wa mwisho, mwenendo wa mwenye nyumba, na si pazia. Waingereza wana kesi maarufu ya Street na Mountford, 1985. Bwana alimpa mama mmoja vyumba kwa karatasi iliyoandikwa kwamba hiki ni kibali tu, si upangaji, na mama akasaini. Majaji wakasema hatuangalii jina la karatasi. Kama mtu ana vyumba vyake peke yake, kwa kipindi kinachojulikana, na analipa kodi, huo ni upangaji. Mmoja wao, Jaji Templeman, akatoa mfano: aliyetengeneza chombo cha kuchimbia chenye meno matano ametengeneza uma, hata akiapa kwamba alikusudia sepetu.

Sasa jitazame. Unakaa peke yako. Unalipa kila mwezi. Mwenye nyumba anapokea, anajua aliyelipa ni nani, na ukimpigia kuhusu bomba analeta fundi. Anaposema leo hakutambui, anauita uma sepetu. Hoja yako ni kwamba baada ya kaka kuondoka, wewe na mzee mmejenga upangaji wa mwezi kwa mwezi kwa matendo, hata bila karatasi. Sikuhakikishii ushindi, maana naye atasema alidhani unalipa kwa niaba. Ndiyo maana yale maelezo ya muamala, jina la akaunti iliyotuma, na ujumbe wa bomba vina thamani kuliko kelele zote mtakazopigizana mlangoni.

Sauti_Kavu

Sawa, nimesoma, narudi nyuma nusu hatua. Lakini mtu akipanga kwako akakuletea ukoo mzima, nawe ukaambiwa wote wana haki, nyumba ni ya nani tena?

Mama_wa_Geti_Jeusi

Sauti_Kavu leo umenisemea. Mimi ni mwenye nyumba, vyumba sita, msinirushie mawe.

Nilimpangishia kijana mmoja, mpole, analipa. Baada ya miezi minane naenda kuangalia paa, mlango unafunguliwa na mtu nisiyemjua na mkewe na mtoto. Kijana wangu alishahama, kawapangishia wao kwa kodi kubwa kuliko anayonilipa mimi! Anakula tofauti. Wale watu walikuwa hawana kosa, hata hawakujua kwamba yeye si mwenye nyumba. Sasa hapo haki yao mimi ndiye niibebe?

Sikuwafungia, nisifiwe kidogo. Lakini nililala na hasira wiki nzima.

Kalamu_ya_Uani

Mama, hasira yako ina msingi. Huyo ndiye tunayemwita mpangaji mdogo, aliyepangishwa na mpangaji, na ndiye aliye kwenye barafu nyembamba kuliko wote. Mara nyingi haki yake inaning'inia kwenye ya mpangaji mkuu. Mkataba mkuu ukifa, wake unakufa nao. Ujerumani hili limeandikwa wazi kwenye Kanuni ya Madai, kifungu cha 546: upangaji ukiisha, mwenye nyumba anaweza kudai nyumba kutoka hata kwa yule wa tatu aliyepewa na mpangaji. Anachobaki nacho yule wa tatu ni madai dhidi ya aliyempangisha, yaani huyo kijana wako mpole, kama atapatikana.

Lakini Wajerumani hao hao wanatofautisha. Mwenza wa ndoa na watoto wa mpangaji hawahitaji ruhusa ya mwenye nyumba kuishi humo, taarifa inatosha. Mtu mwingine anahitaji ruhusa, na kama mpangaji ana sababu ya maana ya kumpa mtu sehemu ya nyumba, kwa mfano kipato kimeshuka, anaweza kuidai ruhusa hiyo, haitegemei hisani. "Ukoo mzima" na "mke na mtoto" havipimwi kwa kipimo kimoja.

Mama_wa_Geti_Jeusi

Haya. Wale nikaandikiana nao mkataba mpya, sasa ni mwaka wa nne na ndio wanaolipa mapema kuliko wote. Lakini yule kijana nikimwona…

Nuru_ya_Dirisha

Naomba nidandie uzi, dada zangu na kaka zangu. Mimi nimeolewa. Mkataba ni wa jina la mume wangu, aliusaini kabla hatujaoana. Tumegombana, kaondoka miezi mitatu sasa, na nasikia kamwambia mwenye nyumba kwamba anavunja mkataba na "huyo aliyemo ndani atoke". Huyo aliyemo ndani ni mimi na wanangu wawili. Kodi niko tayari kulipa mwenyewe. Mwenye nyumba anasema hawezi kupokea hela ya mtu asiye mpangaji.

Kalamu_ya_Uani

Dada Nuru, pole. Mlango wako ndio ule wa chuma, ila lazima ujue komeo lake liko wapi, na kila nchi imeliweka mahali pake.

Ufaransa, kifungu cha 1751 cha Kanuni ya Madai kinasema upangaji wa nyumba wanayoishi wanandoa unahesabiwa ni wa wote wawili, hata kama alisaini mmoja, hata kama alisaini kabla ya ndoa. Mume hawezi kuuvunja peke yake ukakuangukia. Kuna tundu moja, lisikupite: kama mwenye nyumba hakuwahi kujulishwa kwamba kuna ndoa, barua alizomwandikia mmoja zinaweza kumfunga na mwingine. Kwa hiyo popote ulipo, mjulishe kwa maandishi leo kwamba wewe ni mke na unaishi humo.

England na Wales, sheria ya familia ya 1996 inampa mwenza asiye na jina kwenye mkataba haki ya kukaa kwenye nyumba ya ndoa, na inasema kodi akiilipa yeye ni sawa na imelipwa na mpangaji. Yaani lile jibu la "sipokei hela ya asiye mpangaji" haliwezi kutumika kukuingiza kwenye malimbikizo. Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inahesabu nyumba ya ndoa kuwa hata ile ya kupanga, na wakati ndoa ipo mwenza mmoja hawezi kumtoa mwenzake humo bila amri ya mahakama.

Ila haki na deni hutembea pamoja. Ufaransa hao hao, wanandoa wote wawili wanadaiwa kodi kwa pamoja. Ukishika komeo, umeshika na bili.

Nuru_ya_Dirisha

Bili nimeizoea. Je, na kama kulikuwa na kipigo? Sitaki kueleza zaidi.

Kalamu_ya_Uani

Basi usieleze hapa, eleza kwa wanaoshughulika nalo, na usingoje suala la mkataba liishe kwanza. Nchi nyingi zina amri ya ulinzi ambayo hakimu anaweza kuitoa haraka, na amri hiyo inaweza kumzuia aliyepiga kukanyaga kwenye nyumba hata kama mkataba ni wake. Sheria ya Kenya ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani iko hivyo, na nyingine nyingi zinafanana nayo. Ukiwa na amri hiyo, mazungumzo na mwenye nyumba yanabadilika kabisa. Usalama wako na wa watoto ndio uje mbele, nyumba ifuate.

Msafiri_Bila_Mzigo

Na kama hamkufunga ndoa, mmeishi tu?

Kalamu_ya_Uani

Hapo ndipo penye makovu mengi. Kwingi pazia, kwingine mbao. New York kulikuwa na wanaume wawili waliishi pamoja tangu 1975 kwenye nyumba ambayo kodi yake inadhibitiwa na sheria, mkataba jina la mmoja. Huyo akafariki 1986. Sheria ilimlinda "mwanafamilia" wa marehemu aliyeishi naye, na mwenye nyumba akasema huyu si mwanafamilia. Kesi ya Braschi, 1989. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema familia haipimwi kwa cheti pekee, ikaangalia waliishi muda gani, walitegemeanaje kwa fedha na kwa maisha, na walijitambulishaje kwa watu. Akabaki.

Mpaka leo nikimshauri mtu anayeishi na mwenzake bila ndoa namwambia: weka barua zinazokuja kwa jina lako kwenye anwani hiyo.

Funguo_ya_Akiba

Mama yangu alifariki mwezi wa pili, mkataba ulikuwa wake, mimi niliishi naye nikimuuguza. Niliambiwa nimerithi upangaji. Ni kweli upangaji unarithiwa kama shamba?

Kalamu_ya_Uani

Pole kwa msiba, ndugu. Si kama shamba. Baadhi ya nchi mtu aliyekuwa akiishi na marehemu anaingia kwenye upangaji kwa sheria yenyewe. Ufaransa, sheria ya tarehe 6 Julai 1989 inamtaka mtoto awe ameishi humo na mzazi angalau mwaka mmoja kabla ya kifo. Ujerumani mtoto aliyekuwa katika kaya hiyo anaweza kuingia pia, na hapo soma maandishi madogo: ukiingia, unadaiwa pamoja na warithi malimbikizo aliyoyaacha marehemu. Una mwezi mmoja tangu ujue kifo kukataa. Watu huingia kwa machozi, wakatoka na deni. Uliza kwanza kuna malimbikizo kiasi gani, ndipo uamue.

Funguo_ya_Akiba

Hili hakuna aliyeniambia. Nakwenda kuuliza kesho.

Mgeni_wa_Kudumu

Kalamu, usinisahau. Ule mwezi wa kaka?

Kalamu_ya_Uani

Sijakusahau. Deni la mkataba ni la aliyesaini, na wewe hukusaini. Mwezi ambao kaka hakulipa ni wa kaka. Mtego uko hapa: mwenye nyumba atakuletea karatasi ya "tumalizane kiungwana" imeandikwa kwamba unakiri kudaiwa mwezi huo. Ukisaini, umejitengenezea deni ambalo halikuwepo. Hata ujumbe wa "nitalipa mzee, nivumilie" unaweza kukufunga.

Ila siku zako mwenyewe za kukaa lazima uzilipie. Hata mahakama ikisema huna upangaji, inaweza kukudai thamani ya kukaa humo. Kwa hiyo usiache kulipa kwa kisirani. Akikataa kupokea, ziweke kando na mwandikie kwamba ulileta akakataa.

Na ile amana aliyoweka kaka mwanzo, hiyo nayo ni ya kaka. Usiikate kwenye kodi yako bila yeye kukubali kwa maandishi.

Jiwe_la_Pembeni

Swali la haraka. Binamu yangu na mimi tunaishi pamoja, jiko moja, bafu moja, yeye ndiye mpangaji na mimi namchangia. Yeye akinitaka nitoke?

Kalamu_ya_Uani

Kati yako na binamu wewe ni wa chini kabisa kwenye ngazi. England, anayechangia jiko au bafu na aliyempa makazi, ambaye naye anaishi humo humo, anaweza kutolewa bila mahakama baada ya taarifa ya muda wa kuridhisha. Taarifa, si kukuta begi lako nje. Mkae vizuri na binamu.

Sauti_Kavu

Haya mambo yote ni ya nchi zenye sheria nzuri. Kuna mahali hakimu yuko mbali na kufuli liko karibu.

Kalamu_ya_Uani

Kweli tupu, na sitakubishia. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni iliandika mwaka 1991 kwamba kila mtu, kwa aina yoyote ya ukaaji, awe na kiwango fulani cha usalama dhidi ya kutolewa kwa nguvu na kusumbuliwa. 1997 ikaongeza mambo ya taarifa ya kutosha na mashauriano kabla ya kumtoa mtu. Maandishi hayo hayatafungua kufuli usiku wa manane. Ndiyo maana nasisitiza ushahidi na mazungumzo kabla ya siku yenyewe, na majirani wawili wanaojua kwamba unaishi hapo. Na nakala ya karatasi zako isikae ndani ya nyumba hiyo hiyo unayoogopa kufungiwa! Nimemwona mtu ana risiti zote, zimefungiwa ndani.

Mgeni_wa_Kudumu

Wakuu narudi na mrejesho, siku 9 zimepita.

Nilimpigia kaka, safari hii sikukubali "tutaongea". Ameandika barua kwamba aliondoka lini, kwamba aliniachia mimi, na kwamba mwenye nyumba alijua. Ule mwezi amekubali ni wake, ukatwe kwenye amana yake. Nikatoa taarifa ya benki ya miezi 14, nikaambatanisha na picha za ujumbe wa bomba, nikampelekea mzee kwa mkono nikiwa na jirani.

Alisoma kimya. Kisha akasema ukweli ambao angeusema siku ya kwanza: kijana wake anaoa, anataka nyumba. Hakuna aliyepiga kelele. Nimeomba miezi mitatu, kanipa miwili, imeandikwa, tumesaini wote na jirani kashuhudia. Hakuna kufuli, maji na umeme viko kama kawaida, na karatasi haina neno lolote kuhusu deni. Kalamu, nilisoma kila mstari mara mbili kama ulivyosema.

Kwa hiyo nahama. Sikushinda nyumba, ila miezi miwili ya kutafuta pengine ninayo.

Mama_wa_Geti_Jeusi

Angesema anamwozesha kijana wake tangu mwanzo mngeokoa wiki mbili za presha. Wenye nyumba wenzangu, jamani.

Sauti_Kavu

Mtoa mada hongera. Na huko uendako, mkataba jina la nani?

Mgeni_wa_Kudumu

Langu. Nimeshalipia mwezi wa kwanza, risiti ninayo. Walikosea herufi moja ya jina, nikarudi dukani kwa dalali mpaka wakaandika upya.